Kushikilia Alt kutwa: ulipie nini, uache nini

Mchongaji wa Wamunyu hushika gogo kwa mkono wa kushoto na tezo kwa wa kulia. Anayechonga kwenye kompyuta hapa Masinga ana kalamu ya tableti mkono wa kulia, na wa kushoto umeng'ang'ania Shift, Ctrl na Alt. Katika programu ya ZBrush, Alt hugeuza brashi ya kujaza iwe ya kuchimba, Shift hulainisha, Ctrl hufunika sehemu isiguswe. Blender nayo hulainisha kwa Shift, ila kuchimba ni Ctrl. Vitufe hivi havigongwi vikaachwa, hushikiliwa, na kidole cha mwisho ndicho hulalamika kwanza.

Anza na vya bure. Blender yenyewe haina bei na hukuruhusu kubadili karibu kila kitufe kwenye mipangilio yake. ZBrush ni ya kulipia, na hapa ina mkono mgumu zaidi: unaweza kuipa brashi kitufe chake (shika Ctrl na Alt, bofya brashi, kisha bonyeza kitufe unachotaka), lakini kazi za Shift, Ctrl na Alt hubaki pale pale. Dawa yake ni PowerToys ya Microsoft, nayo ni bure, ambayo itaifanya Caps Lock iwe Ctrl. Wenye ThinkPad zilizotumika, nazo ni nyingi, waangalie pembeni kabisa kushoto: kwenye nyingi hapo pana Fn, na Ctrl imesogezwa ndani. BIOS ina mahali pa kubadilishana nafasi zake.

Windows pia ina Sticky Keys: gonga Shift mara tano uiwashe, kisha gonga Alt mara mbili ijifunge, na mara ya tatu iachie. Kwa mwenye maumivu ya mkono ni msaada mkubwa. Kwa kazi ya haraka siipendi, maana utasahau Alt imejifunga na shavu la sanamu lipate shimo.

Ukiamua kununua, kibodi ndogo ya namba ya USB ndiyo rahisi zaidi kwa bei. Iweke popote mkono unapotulia, kisha ugeuze vitufe vyake kwa PowerToys. Kumbuka tu kwamba PowerToys haitofautishi kibodi moja na nyingine, kwa hiyo kama laptopu yako ina namba pembeni, nazo zitabadilika. Tena, Num Lock ikiwa imewashwa, kushika Shift hugeuza baadhi ya namba kuwa mishale.

Mimi ningenunua pedali. Fundi cherehani hahitaji kuelezwa kwa nini mguu ufanye kazi ya mkono. Pedali moja ya USB huuzwa ughaibuni kati ya dola 10 na 20, yaani kama shilingi 1,300 hadi 2,600 dola ikiwa 129. Ipe Alt, uikanyage unapochimba, uinue mguu ukimaliza. Anayechora kwa mkono wa kushoto hufaidika sawa na wa kulia, jambo ambalo kibodi ya mkono mmoja ya Razer Tartarus V2 haiwezi: kifaa hicho kimeumbwa kwa kiganja cha kushoto tu. Kilitoka 2018 kwa dola 79.99. Ongeza VAT ya asilimia 16 na uko karibu shilingi 12,000, bado usafiri. Vitufe vyake 32 ni vya mcheza gemu. Mchongaji hushikilia vitatu au vinne. Kidhibiti cha XP-Pen ACK05 chenye vitufe kumi na gurudumu moja kiko katikati kwa bei, na gurudumu ni zuri kwa kubadili ukubwa wa brashi.

Aliye na tableti ya Android au iPad ana njia nyingine kabisa: Nomad Sculpt huweka kulainisha, kufunika na kuchimba kama vitufe vya kioo, na hununuliwa mara moja badala ya kulipiwa kila mwezi.

Ukinunua Thika au Nairobi, beba laptopu, maana kurudisha kifaa ni nauli nyingine ya kupitia Matuu. Ipe pedali au kitufe herufi moja, fungua Notepad, kanyaga usiachie. Herufi zikimiminika mstari mzima, kifaa kinashikilia. Ikitokea moja tu, kinagonga na kuachia. Mwombe muuzaji abadili mpangilio mbele yako, na kama hakuna wa kubadili, usilipe.