Kikapu cha Mdomoni Hakimtesi Farasi

Wapita njia hapa Uingereza hunifokea wakimwona poni wangu amevaa kikapu mdomoni: "Mbona umemfunga mdomo?" Hajafungwa. Majani mabichi ya majira ya kuchipua yana sukari nyingi, na poni mnene akiyafakamia anaweza kuvimba ndani ya kwato hadi ashindwe kutembea. Kikapu kina matundu chini; hudokoa ncha za majani na maji hunywa. Hatari ninayoiogopa ni hatamu ya kikapu isiyokatika: ikinasa kwenye uzio, farasi hupapatika na kujiumiza vibaya. Yangu ina kiungo kinachoachia. Jioni namvua kikapu, napapasa pua na kidevu kutafuta michubuko, kisha namkagua meno, maana plastiki huyala. Halali nacho. Kama hujamwona akinywa maji amekivaa, usimwache peke yake malishoni.