Mhariri wa riwaya: huduma adimu kati ya Tukuyu na Dar es Salaam

Mjini Tukuyu, mwenye mswada wa riwaya hakosi pa kuupigisha chapa. Maduka ya steshenari yatamtolea nakala na kuzibana siku hiyo hiyo. Akitaka kitabu chenye jalada la rangi, atapanda Coaster hadi Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70, au atatuma faili Dar es Salaam kwa simu na kwenda kupokea maboksi yake stendi. Asichokipata kirahisi ni mtu wa kuusoma mswada kabla haujachapwa, akathubutu kumwambia kwamba sura ya nne haina kazi, kwamba mjomba aliyezikwa ukurasa wa 60 anakunywa chai ukurasa wa 112, na kwamba kisa chenyewe kinaanzia ukurasa wa 30.

Si kwamba ukanda huu hauna waandishi. Harrison Mwakyembe, aliyekuja kuwa mbunge wa Kyela, alitoa riwaya yake Pepo ya Mabwege mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu cha Christon Mwakasaka kuhusu fasihi simulizi ya Wanyakyusa kilichapishwa Nairobi mwaka 1978. Vijana wanaoandika leo Rungwe na Busokelo huanzia kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako msomaji hulipia kipande kinachofuata kwa pesa ya simu. Soko hilo lina kasi na lina fedha, ila halina mhariri. Kipande kikishatumwa kimetumwa, na wasomaji wakilalamika mwandishi hubadilisha mwisho.

Ukitaka kujua mhariri alikopotelea, fuata mshahara wake. Tanzania kazi ya kuhariri hadithi haijapata kujilisha. Sikuzote ilikula sahani moja na biashara nyingine. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilipitia miswada kwa sababu serikali za kikoloni zilihitaji vitabu vya shule vyenye Kiswahili cha namna moja. Tanzania Publishing House, iliyoundwa mwaka 1966 na kuongozwa na Walter Bgoya tangu 1972, ilikuwa shirika la umma. Shafi Adam Shafi alipotoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka uliofuata, gharama za kumtayarishia kitabu zilikuwa za shirika.

Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa kwa kampuni binafsi kuchapisha vitabu vya kiada. Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka huo huo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto nao ukaanza, ukiwafundisha waandishi, wachoraji na wahariri kwa pamoja. Hesabu ya kampuni zilizofuata ilikuwa rahisi: kitabu cha hisabati cha darasa la tano kinauzika kwa maelfu, na faida yake inambeba mhariri ambaye jioni anasoma riwaya isiyo na uhakika wa kuuza nakala mia tano. Mwaka 2013 serikali ikarudisha utayarishaji wa vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu zake zilikuwa na uzito, kwani makosa katika vitabu vya shule yalikuwa yamewachosha wazazi na wabunge. Lakini riwaya, ambayo haikuwa na kosa katika ugomvi huo, ndiyo iliyompoteza mlezi.

Tangu hapo mzigo umehamia kwa mwandishi. Mkulima wa chai wa Katumba hupeleka majani mabichi, na kuyasindika ni kazi ya kiwanda. Mwandishi wa riwaya anaambiwa alete majani pamoja na mashine. Tazama tofauti: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kwa miaka mingi alihaririwa na Alexandra Pringle wa Bloomsbury, London. Mshahara wa Pringle ulitoka kwa kampuni.

Sasa anayelipa mwenyewe ananunua nini? Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu kwa jina la “uhariri” huuzwa kazi tatu. Ya kwanza ni kuhariri kisa: mpangilio wa matukio, wahusika, nani anasimulia, nini kikatwe. Ya pili ni kuhariri lugha, sentensi kwa sentensi. Ya tatu ni kusoma prufu, yaani kunasa herufi zilizoruka na nukta zilizopotea baada ya kurasa kupangwa. Wengi wanaojitangaza mitandaoni kuwa wahariri huuza ya tatu kwa bei ya ya kwanza. Ithibati ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nayo ni ya lugha. Haikuambii kama msomaji atafika ukurasa wa 50.

Kwa mtu wa Tukuyu, jirani wa kwanza wa kumwendea ni mwalimu wa Kiswahili, na mji una vyuo vya ualimu karibu, Tukuyu na Mpuguso. Mwalimu mzuri atanyoosha upatanisho wa ngeli bila kukosea. Shida ni kwamba amezoea kusahihisha insha, na kalamu nyekundu haijui kunyamaza. Mwandishi aliyelelewa kwa Kinyakyusa, lugha isiyo na r wala z, atateleza hapa na pale katika maelezo, na hayo yasahihishwe. Lakini bibi wa Masoko anayesema “ndaga fijo”, yaani asante sana, katikati ya Kiswahili chake hajakosea. Mhariri wa mbali atataka kumwekea tanbihi. Mwalimu atataka kumfuta kabisa. Anayefaa ni yule atakayeuliza kama bibi huyo husema hivyo kila mara au anapoguswa moyo tu, na akaangalia kama mwandishi amekuwa mwaminifu kwa sauti hiyo hadi mwisho.

Tuje kwenye hesabu. Chukua mswada wa maneno 60,000. Kwa kipimo cha maneno 250 kwa ukurasa, ni kurasa 240. Tuseme, kwa mfano tu, mmekubaliana shilingi 3,000 kwa ukurasa: jumla ni shilingi 720,000. Ukichapa nakala 500, kila nakala imebeba shilingi 1,440 za uhariri kabla hujalipia karatasi, wino na nauli. Ukichapa nakala 100, kama wengi wanavyoanza, kila moja imebeba shilingi 7,200, na hapo ndipo mwandishi anapoamua kumruka mhariri. Kwa nakala mia, ninamwelewa. Ushauri wangu kwake ni kwamba asilipie mswada mzima mara moja. Alipie usomaji wa jumla, mhariri ampe barua ya kurasa tatu au nne kuhusu kisa, arekebishe mwenyewe, kisha lugha na prufu zifuate fedha zikipatikana. Kuanza na prufu wakati kisa hakijasimama ni kulipa mara mbili.

Kuna njia nyingine ya kumpata mhariri: kushinda. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na mswada wake huchapishwa kwa gharama ya serikali. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo imekuwa ikiwafikisha washindi kwa wachapishaji. Ni njia nyembamba, na jopo la waamuzi halina kawaida ya kumwandikia aliyeshindwa sababu. Hata hivyo tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mswada imewalazimisha wengi kumaliza riwaya zilizokaa drooni kwa miaka.

Asiyeshinda na abishe hodi kwa busara. Chagua riwaya tatu za aina unayoandika wewe, umtafute aliyezihariri. Mhariri wa hadithi za watoto si lazima aiweze riwaya ya upelelezi. Muulize anasoma nini siku hizi. Akikosa kutaja riwaya hata moja, mshukuru na uondoke. Mpe sura moja kwanza, uilipie, na uangalie alichorudisha: kama ameandika maswali pembeni, endelea naye, kama amezigeuza sentensi zako zikawa zake, mwachie hapo. Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja, wenye malipo ya awamu na tarehe, na useme wazi kwamba hakimiliki inabaki kwako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko upande wako, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Jihadhari na kifurushi cha “tunahariri, tunasanifu jalada, tunakupa ISBN”. Namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kitabu kibovu hupewa sawasawa na kizuri.

Mtego mkubwa uko katika ushauri wa kumtafuta aliyehariri kitabu unachokipenda. Fungua riwaya nyingi za Kiswahili, usome ukurasa wa hakimiliki. Utakuta jina la mwandishi, la mchapishaji, la mpiga chapa, pengine na la msanifu wa jalada. La mhariri halipo. Bidhaa isiyo na jina haina sifa, na isiyo na sifa haina bei ya kueleweka. Ndiyo maana mhariri hodari na mbabaishaji wanatangaza kazi kwa malipo yale yale, na mnunuzi wa Tukuyu hana pa kuwatofautishia. Wachapishaji, pamoja nanyi mnaojichapishia Mbeya na Dar es Salaam: andikeni jina la mhariri kwenye ukurasa huo kuanzia kitabu kijacho. Haliongezi hata shilingi moja kwenye gharama ya uchapaji.