Nakala ya akiba isiyolingana na jedwali lake ni hasara kwa mkulima

VYAMA vya ushirika vinavyotunza hesabu kwa kompyuta huhimizwa kila mara kuweka nakala za akiba. Linalosahaulika ni kuhakikisha kwamba kila nakala inalingana na jedwali ilikotoka.

Mwenye kuumia hapo ni mwanachama. Mfugaji anayepeleka maziwa kila asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi anakuwa amekikopesha chama chake mali. Kumbukumbu zikipotea, deni hilo hubaki maneno matupu, hasa kama stakabadhi zake zimelowa au zimeliwa na mchwa.

Chukua mfano wa chama chenye majedwali matatu: la wanachama, la mapokezi na la malipo, yote yakiunganishwa na namba ya mwanachama. Kompyuta ikiharibika, karani akarejesha jedwali la wanachama la Machi pamoja na la mapokezi la Juni, aliyejiunga Mei ataonekana ana lita za maziwa lakini hana jina. Akirejesha jedwali la malipo la zamani, waliokwisha kulipwa wataonekana bado wanadai.

Baadhi ya programu huongeza ugumu. PostgreSQL, kwa mfano, huhifadhi jedwali katika faili yenye namba badala ya jina, na orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya jedwali lipi imo ndani ya hifadhidata yenyewe. Namba hiyo inaweza kubadilika jedwali linapoandikwa upya. Kunyofoa faili chache na kuziweka kwenye flashi ni sawa na kupakia magunia yasiyo na alama. Njia salama ni kutumia chombo cha programu hiyo kiitwacho pg_dump, ambacho hutoa nakala yenye majina ya majedwali.

Hata chombo hicho kinahitaji kukaguliwa. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu, ilifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yake kuu. Ilipotafuta nakala za pg_dump haikukuta kitu. Chombo kilikuwa toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo kilikuwa kikishindwa, na barua pepe za kutoa taarifa hazikuwa zikifika. Iliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, lakini kazi za saa hizo zilipotea.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Kwanza, nakala zote zichukuliwe kwa wakati mmoja, na kila moja iandikwe tarehe, saa na jina la jedwali. Pili, wakati wa kunakili, karani aandike daftarini idadi ya mistari ya kila jedwali na jumla ya lita au shilingi. Tatu, walau mara moja kwa mwezi, nakala irejeshwe kwenye kompyuta nyingine na hesabu zilinganishwe na daftari. Idadi ya mistari ikilingana lakini jumla ikatofautiana, nakala hiyo isiaminiwe mpaka sababu ijulikane.

Kwenye mkutano mkuu, wanachama wasiishie kuuliza kama nakala zipo. Waulize zilirejeshwa lini mara ya mwisho, na waombe kuona daftari.