Kuhama Nyumba Bila Hasara: Mambo ya Kupanga Mwezi Mmoja Kabla

Kila mwisho wa mwezi, mikokoteni na pikapu zilizobeba magodoro, makabati na mitungi ya gesi huonekana zikipita katika barabara za Mombasa. Familia nyingi hupanga usafiri peke yake. Baada ya kuhamia ndipo hugundua kwamba dawa za mgonjwa zimekatika, mtoto hana shule, au amana ya nyumba ya zamani imezuiliwa. Mambo haya yote yanaweza kuepukwa iwapo matayarisho yataanza mwezi mmoja kabla.

Notisi na amana

Mpangaji anapaswa kwanza kusoma mkataba wake. Pale ambapo kodi hulipwa kila mwezi na mkataba hautaji muda wa notisi, Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Kwa mfano, anayelipa kodi tarehe 1 na anataka kutoka tarehe 1 Agosti, notisi yake iwe imemfikia mwenye nyumba kufikia tarehe 1 Julai. Akiipeleka tarehe 10 Julai, huenda akadaiwa kodi ya Agosti.

Notisi iandikwe, na mpangaji abaki na nakala iliyotiwa sahihi na aliyeipokea. Kabla ya kurudisha funguo, nyumba ipigwe picha chumba baada ya chumba na ikaguliwe pamoja na mwenye nyumba au wakala wake. Ubishi mwingi kuhusu amana hutokana na kukosekana kwa ushahidi wa hali ya nyumba siku ya kutoka.

Nyumba mpya: maji na stima

Mkazi asilipe pesa zozote kabla ya kuiona nyumba na kuthibitisha kwamba anayemwonyesha ana idhini ya kuipangisha. Awaulize majirani maji hutoka siku zipi, na kama kuna tangi au kisima. Nyumba ya kodi nafuu ambayo familia hununua maji ya mitungi kila siku inaweza kuwa ghali kuliko ile iliyoachwa.

Tokeni za stima hufanya kazi kwenye mita moja tu na hazihamishiki. Wiki ya mwisho, ni vyema kununua kiasi kidogo. Katika nyumba mpya, mpangaji aulize iwapo mita au akaunti ya maji ina deni, na asome namba za mita siku ya kuingia.

Matibabu yasikatizwe

Hili ndilo jambo la kupewa uzito zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu, anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, au mwenye kisukari au shinikizo la damu, azungumze na kituo chake cha afya mapema. Apewe barua ya uhamisho pamoja na dawa za kutosha hadi atakapopokelewa kwingine. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na kuyakatiza kunaweza kuufanya ugonjwa uwe sugu kwa dawa, jambo linalohatarisha pia wale anaoishi nao.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kisifungwe ndani ya maboksi, kibebwe mkononi. Ndani yake mna rekodi ya chanjo, zikiwemo za surua na rubela zinazotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufuata kitambulisho cha taifa, hivyo hauishi kwa sababu mtu amehama.

Shule

Wakati mzuri wa kuhamisha mtoto ni likizo ya Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka. Mzazi athibitishe nafasi katika shule mpya kabla ya kuchukua barua ya uhamisho, na abebe cheti cha kuzaliwa na ripoti za masomo. Mwanafunzi wa Gredi ya 6 au ya 9 ambaye amesajiliwa kwa tathmini ya kitaifa ni heri amalize mwaka alipo, ikiwezekana.

Siku yenyewe

Bei ya gari ikubaliwe mapema, ikijumuisha malipo ya vibarua na idadi ya safari. Wanaovuka kuelekea Likoni waepuke feri wakati wa msongamano wa asubuhi na jioni. Kwa malori, barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini inafika upande wa kusini bila kupanda feri. Wakati wa mvua ya masika, turubai ni lazima.

Mtungi wa gesi ufungwe, uondolewe regyuleta na usafirishwe ukiwa wima, mbali na abiria. Friji nayo isimamishwe wima, na isiwashwe mara tu inapofika. Vitambulisho, hati, dawa na simu viwekwe kwenye mkoba mmoja usiopanda gari la mizigo.

Vilivyoachwa nyuma

Godoro kuukuu likitupwa mtaroni huziba maji, na mvua ikinyesha nyumba za majirani ndizo hufurika. Vitu vinavyofaa vigawiwe au viuzwe, na vilivyobaki vikabidhiwe wazoaji taka wanaohudumu mtaani.

Biashara na kura

Leseni ya biashara ya Mombasa haitumiki nje ya kaunti. Mwenye duka anayehama kutoka Kisauni hadi Mtwapa ameingia Kilifi, na atahitaji leseni ya huko. Anayehamisha biashara ndani ya Mombasa aarifu ofisi ya leseni ili rekodi zibadilishwe.

Kura nayo haihami yenyewe. Mkazi anayetaka kupigia kura alikohamia sharti aende ofisi ya IEBC ya eneobunge akiwa na kitambulisho, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027.

Hatimaye, familia iliyohamia mtaa mpya inahimizwa kujitambulisha kwa majirani, mzee wa mtaa na ofisi ya naibu wa chifu. Ofisi hiyo ndiyo itakayohitajika siku mtoto anapotafutiwa barua ya kuthibitisha makazi.