Barua ya chifu ilitaja watoto watatu. Wa nne alikuwa ameketi karibu na geti

Matanga yalikuwa siku ya tatu, pale Kayole, mwanamke mmoja alipoingia akiwa amemshika mkono mvulana wa miaka tisa hivi, bado amevaa yunifomu ya shule. Hakulia, hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, akanywa chai aliyopewa. Kila aliyemtazama yule mtoto alijua mara moja ni wa nani.

"Mimi niliangalia masikio tu," ananiambia rafiki yangu, ambaye ameomba nisimtaje jina. "Nikasema, huyu ni brathe yangu. Buda alitufunga mdomo wote."

Rafiki yangu ana miaka 24, anauza nguo za mtumba mtandaoni, na ndiye kifungua mimba katika nyumba ya watoto watatu. Baba yao aliacha ploti ya vyumba vya kukodisha, Probox moja, akiba kwenye chama cha ushirika na ekari mbili kule Kakamega. Wosia hakuacha. Alikuwa wa wale wazee wanaoamini kuwa kuandika wosia ni kujiitia kifo.

Siku moja baada ya mazishi, baba mdogo alichukua funguo za Probox "ili ailinde". Hakuna aliyemuuliza kitu. Na hapa wengi wetu hatujui: Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa ruhusa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata wewe unayejua PIN ya marehemu na kutoa pesa kwenye simu yake usiku wa msiba, unaingilia mali. Sawa, faini hiyo ni ndogo, haitoshi hata kununua matairi manne mapya. Lakini ni kosa la jinai, na ulichochukua unaweza kutakiwa kukirudisha.

Kizaazaa chenyewe kilikuja miezi mitatu baadaye. Ili familia ipewe barua za usimamizi wa mirathi, huanza na barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Barua yao ilitaja mama na watoto watatu. Basi. Kisha wakaitwa kwa wakili kutia sahihi fomu za idhini.

"Madhe alinisukumia kalamu," anasema. "Akaniambia, mwanangu, weka hapo twende nyumbani. Nikashika hiyo kalamu hadi mkono ukatoa jasho."

Hakutia sahihi. Alisema anaenda msalani, akashuka ngazi, akapanda matatu.

Ukimsikiliza mama yake, unamwelewa. Miaka 26 ya ndoa, ploti waliyoijenga pamoja chumba kimoja kimoja, halafu mgeni anatokea matangani na mtoto. Mimi singemlaumu kwa uchungu wake. Lakini uchungu ni kitu kimoja, na kumfuta mtoto kwenye karatasi ya mahakama ni kingine.

Sheria haimuulizi mtoto kama wazazi wake walifunga ndoa. Inauliza kama baba alimtambua, alimkubali kuwa wake, au alijitwika jukumu la kumlea. Ushahidi wa hayo mara nyingi umo mfukoni: cheti cha kuzaliwa, risiti za karo, jumbe za M-Pesa za kila mwezi. Yule mvulana alikuwa na vyote vitatu. Katiba ya 2010 nayo inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Na kuficha mrithi hakumalizi mambo. Mahakama inaweza kufuta usimamizi wakati wowote ikibainika kuwa ulipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo muhimu. Dogo huyo anaweza kufika miaka 20, akaja na cheti chake, na kesi ikaanza upya wakati ploti imeshagawanywa na pengine kuuzwa.

Je, mama anapoteza? Hapo ndipo hofu nyingi huzaliwa, na nyingi hazina msingi. Mume akifa bila wosia na kuacha mke mmoja na watoto, vitu vya nyumbani na vya matumizi binafsi ni vya mke moja kwa moja. Mali iliyobaki, kama ile ploti, anaitumia na kula kodi yake maishani mwake. Kuiuza hawezi bila idhini ya mahakama. Akiondoka yeye, watoto wanagawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Anayekwambia msichana hurithi kwa mumewe, mwambie akasome sheria.

Sehemu ya mtoto aliye chini ya miaka 18 hutunzwa kwa niaba yake, na ndiyo maana mahakama haitoi usimamizi kwa mtu mmoja peke yake palipo na watoto wadogo. Wanatakiwa angalau wawili, wachungane. Kwa familia yenye wake kadhaa, hesabu ni nyingine: mali hugawanywa kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto, na kila mke aliye hai akihesabiwa kama mmoja zaidi. Waislamu hufuata sheria yao ya mirathi, lakini mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mtoto wa baba Mwislamu hawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu wazazi hawakuoana.

Haya yote yangepunguzwa na karatasi moja. Ukiwa na miaka 18 na akili timamu, unaweza kuandika wosia hata leo. Unatia sahihi, mashahidi wawili wanatia zao. Usimfanye mrithi kuwa shahidi, utamletea balaa. Wosia wa mdomo pia upo, mbele ya mashahidi wawili, ila unashika tu ukifa ndani ya miezi mitatu. Ile sauti uliyomrekodia binamu yako WhatsApp saa nane usiku, ukiwa peke yako chumbani, haihesabiki.

Rafiki yangu alirudi kwa chifu akiwa na cheti cha dogo. Barua mpya ina watoto wanne. Kwa wiki tano mama yake hakumsemesha, chakula aliachiwa mezani kimefunikwa. Kisha asubuhi moja akavaa kitambaa cha kanisani, akaenda mwenyewe kwa wakili, akatia sahihi na kurudi bila kusema neno.

Ilani imeshatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, sasa wanangoja siku 30 za pingamizi. Probox bado iko kwa baba mdogo.