Joto Linalohama Kila Dakika

Weka ncha moja ya nondo motoni. Baada ya muda, ncha uliyoishika itakuunguza. Mfaransa Joseph Fourier aliueleza mwendo huo wa joto kwa mlinganyo mfupi katika kitabu chake cha mwaka 1822: palipo baridi kuliko majirani hupata joto, na palipowazidi hupoa.

Mwaka 1827, Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alitazama kwa hadubini chembe zilizotoka katika chavua zikihangaika majini bila kutulia. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha undugu wa mambo hayo mawili. Njia ya chembe moja haitabiriki, lakini uwezekano wa kuikuta hapa au pale huenea kwa mlinganyo ule ule wa Fourier. Sijui undugu mzuri kuliko huu katika hisabati.

Chumbani, mahali ilipo chembe hutajwa kwa namba tatu. Joto la nondo nzima halitoshi kutajwa hivyo. Fourier aliligawa katika mawimbi, kila wimbi na kimo chake, na mawimbi hayana mwisho. Kwa hiyo hali ya nondo ni orodha ya namba isiyokwisha, yaani nukta moja katika nafasi yenye mielekeo isiyo na kikomo. Je, nukta hiyo nayo ikitikiswa kwa nasibu, kila mwelekeo kivyake, mlinganyo wa joto utasimama?

Ujazo ndio wa kwanza kutuponyoka. Katika nafasi hiyo, tufe lenye nusukipenyo 1 linaweza kubeba matufe yasiyo na idadi, kila moja la nusukipenyo cha robo, bila kugusana. Yote yana ujazo sawa, na jumla yake haiwezi kulizidi tufe lililoyabeba. Basi, kama ujazo wa tufe hilo kubwa una kikomo, kila moja lazima liwe na ujazo sifuri. Chembe nayo hutoroka: mtikisiko mdogo, wa kiwango kile kile katika kila mwelekeo, ukijumlishwa bila mwisho, huitupa nje ya nafasi yenyewe. Mmarekani Leonard Gross, mwaka 1967, alitumia nafasi pana zaidi inayopima umbali kwa ulegevu kidogo, na humo mlinganyo wa joto ukapata makao.

Ila makao hayo yana ajabu yake. Tukichagua kipimo cha muda kinachofaa, chembe iliyoanzia sifuri huwa, baada ya muda t, na namba ya nasibu katika kila mwelekeo, ambayo wastani wa mraba wake ni t. Ukipewa namba tatu tu, huwezi kuujua kwa hakika muda uliopita. Ukipewa orodha isiyokwisha, chukua miraba yake, tafuta wastani, na jibu litakuwa t kamili. Nukta moja imekuwa saa!

Maana yake ni nzito. Joto la dakika ya 1, yaani uwezekano wa kuikuta chembe wakati huo, na la dakika ya 2 hukaa katika maeneo yasiyo na hata nukta moja ya pamoja. Kwenye nondo, joto hupungua na kuongezeka pale pale. Huku, kila dakika huhamia nyumba mpya. Mwaka 1958 Jacob Feldman na Jaroslav Hájek, kila mmoja kivyake, walithibitisha kwamba mitawanyo miwili ya Gauss, yaani ya nasibu kama hii ya chembe yetu, ama hukubaliana kuhusu yapi hayawezekani kabisa, ama hutengana kabisa. Hakuna ujirani wa nusu.