«Run»: neno fupi la Kingereza lenye kuchanganya watu kazini

Kijana aliyetuhadisia habari hii anatumika kwenye uzini moja ya kuponda mawe, mbali kidogo na Kolwezi. Jina lake hatutalitaja, wala la kompanyi, kwa sababu angali anatafuta mukate pale. Ilikuwa posti ya usiku. Tapi nambari 2, ule mukaba murefu wenye kubeba mawe, ilikuwa imesimama juu ya usafi. Kazi ilikuwa imeisha, watu wametosha kadena zao, kila mutu amerudi pembeni. Kisha sauti ya shefu, mugeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, ikatoka ndani ya radio: «Run two! Run two!»

Watu wawili walisikia sauti hiyo. Wa kwanza alikuwa katika chumba cha kuongozea mashini. Yeye alielewa: «Washa tapi ya pili.» Akafinya buto. Wa pili ni huyu kijana wetu. Kwenye masomo alifunzwa kwamba «run» ni kukimbia. Tena, kwa sikio la mutu, «two» yenye maana ya mbili na «to» yenye maana ya kuelekea mahali fulani, sauti ni moja. Yeye akasikia: «Kimbia kwenda…», akazani mwisho wa maneno umepotea ndani ya kelele ya radio. Kimbia wapi, kama si kwenye tapi yake? Akashika ufagio, akaenda mbio.

Alipoinama karibu na puli ya nyuma, mukaba ukaanza kutembea. Ukakamata ganti ya mukono wa kuume. Mwenzake akaruka, akavuta kamba ya hatari ile yenye kupita kandokando ya tapi, na mashini ikasimama. Ganti ilienda. Mukono ulibaki.

«Siye bote babili tulitii», akatuambia, akiangalia vidole vyake. «Kila mutu alitii run yake.»

Ndiyo sababu juma hili tumechagua kuongea juu ya neno hilo moja. Batu wengi wanazani kujua Kingereza ni kujua maneno mengi. Sisi tumeona kwamba kwenye mugodi, hatari kubwa haitoke kwa neno usilolijua. Neno usilolijua utaliuliza. Hatari inatoka kwa neno unalozani unalijua.

Maana 645

Tuanze na wenye luga wenyewe. Kamusi kubwa kuliko zote za Kingereza inatengenezwa kule Oxford, Uingereza. Katika chapa yake ya 1989, neno lililokuwa na maana nyingi zaidi lilikuwa «set». Walipoandika upya kitendo «run», Peter Gilliver, mumoja wa waandishi wa kamusi hiyo, alitumia miezi mingi juu ya neno hilo peke yake. Mwaka 2011 hesabu ikajulikana: maana 645. Herufi 3 tu, maana 645!

Musiogope. Hatutazipanga zote hapa. Zile zenye kutembea kwenye shantie na nyumbani kwa mufanyakazi ni chache, na zinaweza kuingia katika mafungu sita.

Fungu la kwanza ni mutu ao nyama: kukimbia. Hiyo kila mutoto wa masomo anaijua. «Run!» peke yake, bila kitu nyuma, ikisemwa kwa sauti kubwa, ni kimbia, jiokoe.

Fungu la pili ni mashini. «The pump is running»: pompi iko inatembea, iko inafanya kazi, haikukimbia mahali. «Run the pump»: washa pompi, iendeshe. Mashini ikijaribiwa bila mawe ndani, wanasema «dry run», ile mafundi wetu wanaita essai à vide.

Fungu la tatu ni kitu chenye kumwagika. Maji ya muto, makamasi ya mutoto, mafuta yenye kutoka kwenye mupira uliopasuka: vyote kwa Kingereza vina «run». Lakini wandugu wa chini ya udongo, hapa fungueni masikio. «Running ground» ni udongo ao muchanga usiojishikamanisha, wenye kumwagika kama maji ndani ya shimo. Mutu akisema «the ground is running», hasemi mashini fulani inatembea vizuri. Anasema udongo umeanza kushuka. Hapo kimbia, maneno yatafuata.

Fungu la ine ni uongozi. «She runs the plant»: huyu mama ndiye anasimamia uzini. Hakuna mbio hapo, kuna kiti na sinyatire.

Fungu la tano ni wakati na vitu vyenye kuisha. «We are running out of diesel»: mazuti inaanza kutuishia. «We are running late»: tumechelewa. Na barua ya kazi nayo ina «run», tutairudilia hapa chini.

Fungu la sita ni mawe yenyewe. Kwenye migodi mingi kuko kibao chenye herufi ROM. Ni «run of mine», ndiyo kusema mawe vile yametoka shimoni, hayajachaguliwa, hayajaoshwa. Kwa Kifaransa ni tout-venant. Na mutu wa laboratware akisema «this ore runs three percent», anataja teneur: ndani ya kilo 100 za mawe muko kilo 3 za shaba. Wandugu ba-creuseur wanaouza kwenye depo waelewe vizuri: munuzi na mwenzake wakiongea Kingereza mbele ya mizani, hiyo «run» ni makuta yako.

Zaidi ya hayo, kuko vineno vidogo vyenye kujifunga nyuma. «Run over»: kamiyo imekanyaga kitu ao mutu. «Run into»: kugonga, ao kukutana na mutu bila kupatana mbele. Mushofere akitangaza kwenye radio «I ran over a cable», asizaniwe amevuka kamba akiwa kwa miguu. Amekanyaga waya ya umeme na gari yake. Aitiwe fundi wa moto, na mutu asiguse ile waya.

Hata luga yetu iko vile

Wamoja wanacheka: Kingereza ni luga ya fujo! Tusicheke mbio. Muchukue mugeni, mumupe Kiswahili chetu cha hapa. Tutamwambia «kupiga» ni kutia mutu kofi. Kesho yake atasikia: piga telefone, piga foto, piga muluzi, piga pasi, piga magoti, piga baruti. Na «kula» je? Tunakula bukari, ni sawa. Lakini tunakula pia feti, tunakula kiapo, na kuko ba-shefu wanaokula makuta ya watu. Mugeni atauliza kama makuta hayo yalipikwa na chumvi.

Tena angalieni jambo hili. Sisi huku tunasema mashini «inatembea», kazi «inatembea», kwa sababu tuliishi muda murefu na Kifaransa, na Mufaransa anasema «ça marche». Ndugu zetu wa Pwani ya Tanzania wanapenda kusema mashini inafanya kazi. Mwingereza anasema inakimbia. Mashini ni ile ile, mukaba ni ule ule. Kwa mumoja inatembea, kwa mwingine inatumika, kwa mwingine inakimbia. Ndiyo maana hakuna neno la luga moja lenye kufaa neno la luga ingine sawasawa kama kifuniko na chungu chake.

Na Kingereza si mugeni wa jana katika Katanga. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, Wabelgiji wakiwa pamoja na Tanganyika Concessions, kompanyi ya Robert Williams, mutu wa Scotland. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, ikipitia inchi ambayo leo ni Zambia. Shaba ya kwanza ya Lubumbashi ikayeyushwa mwaka 1911. Bababu walioshika pelle siku zile walipigiwa kelele ya Kingereza mbele ya kusikia ya Kifaransa. Kisha Kifaransa kikatawala. Sasa, na makompanyi ya inchi nyingi kwenye migodi yetu, Kingereza kimerudi, na mara nyingi anayekisema ni mugeni kwacho kama vile sisi. Wageni wawili wakiongea katika luga isiyo ya mumoja wao, kila mumoja anazani mwenzake ameelewa.

Kontra yenye kukimbia

Hatari haiko kwenye mashini peke yake. Mama mumoja alitufikia na karatasi ya kazi ya bwana yake, kurasa moja Kifaransa, kurasa moja Kingereza. Ile ya Kifaransa ilikuwa imelowana, haisomeki tena. Binti yao wa sekondari alisoma ya Kingereza, akatafsiri: «Kontra hii inakimbia miezi sita.» Wakacheka nyumba nzima. Kontra inakimbia wapi?

Kicheko kilikatika tulipowaelezea. «This contract runs for six months» maana yake inadumu miezi 6, kisha inaisha. Bwana alizani amepata kazi ya siku zote, na walikuwa tayari kuingia deni juu ya kununua parsele. Mama akakunja karatasi polepole, akatuambia: «Basi parsele ingojee.» Tuliona macho yake, lakini tuliona pia kwamba amerudia kupumua. Deni hilo lingewakuta wakiwa bila mushahara.

Kwa faida ya wote, tukumbushe: Code du travail ya 2002 inasema kontra ya muda maalum, ile CDD, haiwezi kupita miaka 2. Na kama mufanyakazi ameoa na kazi inamutenga na jamaa yake, haiwezi kupita mwaka 1. Ukiona «runs», «runs from», «runs until», tafuta tarehe yenye kufuata. Hiyo tarehe ndiyo kichwa cha barua.

Namna ya kutambua

Tuliwauliza mafundi wa zamani namna wanavyojitosha katika maana hizi zote. Hawana kamusi mufukoni. Wana maulizo mawili tu.

La kwanza: nani anafanya? Kama ni mutu, anakimbia ao anaendesha kitu. Kama ni mashini, inatembea. Kama ni maji ao udongo, inamwagika. Kama ni karatasi, inadumu.

La pili: nini inafuata nyuma? «Run» ikishikana na kitu moja kwa moja, kama «run the belt», ni kuendesha kitu hicho. Ikifuatwa na «to», kama «run to the belt», ni kukimbia kuelekea hapo. Neno lile dogo lenye kupotea katika kelele ndilo linatenga mutu mwenye kuwasha na mutu mwenye kwenda kuingiza mukono.

Na kwa sababu linapotea, lisitegemewe. Kingereza kina maneno mengine yenye maana moja tu, ao karibu moja. Kwa kuwasha kuko «start». Kwa kusimamisha, «stop». Kwa kuendesha, «operate». Kwa kusimamia kazi, «manage». Kwa kumwagika, «flow». Kwa kuisha, «finish». Ukiwa na shefu wa Kingereza, si ukosefu wa heshima kumwambia: «Start, ao go?» Shefu mwenye akili atafurahi. Yule asiyefurahi, muulize vilevile.

Kuko na desturi ingine inayostahili kufuatwa kila mahali: kurudilia. Ukiisha kusikia amri kwenye radio, iseme tena na maneno yako mbele ya kuinua muguu. Kijana wetu angelisema «nakwenda kwenye tapi ya pili», mwenzake wa chumbani angelisikia, na buto isingelifinywa. Sekunde 5 tu. Na juu ya yote, ile sheria mafundi wanaiita consignation: usikaribie mashini na mikono kama kadena yako mwenyewe haiko mahali pake na ufunguo mufukoni mwako. Kadena haina maana 645. Imefungwa ao haikufungwa.

Wandugu, jioni mutakapokuwa nyumbani, muwaite watoto wanaojifunza Kingereza. Muwaulize «run» ni nini. Watajibu mbio: «Kukimbia!» Ndipo muwaambie habari ya ganti. Mutoto wa leo ndiye atashika radio kesho.

Na kwenye uzini ile karibu na Kolwezi, ekipe imepatana na shefu wake. Wanataja kwanza jina la mutu, kisha mashini, kisha «start» ao «stop», na mwenye kupewa amri anairudilia. Tulipomuuliza kijana kama angali anasikia neno «run» kwenye radio yao, akatingisha kichwa. Wamelibakishia kazi moja peke yake: siku ya hatari, wakati kila mutu anapaswa kutoka. Siku hiyo, akasema, hakuna atakayeuliza maana yake.